Mwene: cheo cha Mbeya chenye ndugu wengi

Ukisikia Mbeya au Mbozi mtu anatajwa kama "Mwene" fulani, usidhani ni jina alilopewa na baba yake. Kwa Wasafwa na Wanyiha, na kwa Wafipa kule Rukwa, mwene ni chifu. Mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria mwaka 1963, lakini cheo kimebaki upande wa mila. Majirani wana maneno yao: Wanyakyusa husema malafyale, Wahehe mtwa.

Mzizi wake, -ene, umeenea katika lugha nyingi za Kibantu, na maana yake ya kawaida si kutawala. Ni kumiliki. Kwa Wakikuyu mwene ni mwenye mali, na Mungu wao humwita Mwene Nyaga. Vuka mto Songwe uingie Malawi, utasikia mwini munda, yaani mwenye shamba. Sisi tunalo mwenye, na mwenyewe, ambalo limebeba mambo mawili pamoja: mmiliki, na nafsi ya mtu.

Tofauti iko hapa. Kwa kawaida mwenye wa Kiswahili hasimami peke yake. Lazima uulize mwenye nini? Duka, kiti (ndiyo mwenyekiti huyo), au ezi, yaani nguvu, tukapata Mwenyezi. Mwene wa Unyiha haulizwi. Inajulikana ni mwenye nchi, na nadhani hapo ndipo umiliki ulipogeuka kuwa utawala.

Njia hiyohiyo imepitwa mbali na hapa. Mfalme wa Kongo aliitwa mwene Kongo, Wareno wakaandika Manicongo. Mwenemutapa wa Zimbabwe, tunayemsoma shuleni, wakamfanya Monomotapa. Unguja nako alikuwako Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji aliyekuwa na jumba lake Dunga. Wa mwisho alifariki mwaka 1873.

Pwani neno hilo limepata bahati mbaya kidogo. Mwinyi limebaki jina la heshima la watu na koo, Rais wa awamu ya pili akiwamo, lakini umwinyi ni tusi la ofisini: anaambiwa mtu anayetaka kuhudumiwa huku yeye amekaa. Mbeya hutamsikia mtu akimwambia mwenzake "acha umwene".