Kisanduku cha chama, kabla ya Desemba 31

Mei 2022 mzee mmoja wa Fizi, mashariki mwa Kongo, alinipigia simu akiwa nje ya kituo cha kupigia kura hapa Louisville, Kentucky. Alipata uraia mwaka uliotangulia, na mimi ndiye niliyekaa naye mezani tukajaza fomu ya kujiandikisha.

"Mwanangu, wamenipa karatasi ya majaji tu. Meya yuko wapi?"

Siku hiyo vyama vilikuwa vinachuja wagombea wao wa umeya wa mji, na mzee alikuwa amevaa koti lake la Jumapili kwa ajili hiyo. Kosa lilikuwa langu. Kwenye fomu kuna kisanduku cha chama, na jibu mojawapo ni "independent", neno ambalo mimi, mkalimani wa kazi, nililitafsiri "huru". Sasa mtu aliyekimbia vita, akaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka na miaka, ukimuuliza anataka kuwa wa chama hiki, wa chama kile, au awe huru, unategemea ajibu nini? Tukatia alama kwenye huru. Nilipaswa kusema "asiye na chama", kisha niongeze: "na hutachagua wagombea wa chama chochote mwezi wa tano."

Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyopaswa kumweleza siku ile.

Watanzania huuita uchaguzi wa aina hii kura za maoni, Wakenya huuita mchujo. Chama kinatafuta nani akiwakilishe kwenye uchaguzi mkuu. Kwetu hiyo ni shughuli ya chama chenyewe, na anayepiga kura ni mwanachama. Marekani, kwa sehemu kubwa, mchujo huendeshwa na serikali ya jimbo: makarani wale wale, mashine zile zile, vituo vile vile vya uchaguzi mkuu. Kadi ya chama haihitajiki. Katika majimbo yanayoandikisha watu kwa chama, "uanachama" unaoulizwa kituoni ni alama kwenye fomu ya serikali, basi. Hulipi ada, huendi mkutano, tawi halikujui. Na Novemba, kwenye uchaguzi mkuu, unampigia umtakaye, hata kama chama chake sicho ulichokitia alama.

Hili la mwisho huwa nalirudia mara tatu, maana watu wetu wengi huacha kisanduku kile kwa woga. "Sitaki mambo ya siasa," wananiambia. Naelewa. Mahali walikotoka, kuandikwa kwenye orodha ya chama kunaweza kukutoa roho. Hapa kura yako ni siri. Chama ulichojiandikisha nacho si siri. Wagombea hupata orodha hizo, ndiyo maana sanduku lako la barua hujaa vikaratasi vyao kila msimu.

Kentucky ina mchujo uliofungwa. Wa Republican wanachagua wa Republican, wa Democratic wa Democratic, na wasio na chama wanabaki na nafasi zisizo za vyama, kama majaji. Kufungwa kwenyewe si tatizo. Kinachouma ni tarehe. Ukishakuwa kwenye daftari, chama kitakachohesabika kwenye mchujo wa Mei ni kile ulichokuwa nacho Desemba 31 ya mwaka uliotangulia. Ukibadili Januari 2, umechelewa mchujo huo mzima. Lakini anayejiandikisha kwa mara ya kwanza baada ya tarehe hiyo anaruhusiwa kuchagua chama na kupiga kura Mei ile ile, mradi awahi kabla daftari halijafungwa, karibu mwezi mmoja kabla ya uchaguzi. Yaani raia aliyekula kiapo Machi ana nafasi kuliko mwenyeji aliyeanza kufikiria Januari.

Wanaoitetea sheria hii husema inazuia mamluki: watu wa chama pinzani wasihamie kwa siku moja kuwachagulia wenzao mgombea dhaifu. Hoja ina uzito, ila miezi mitano naiona mingi mno.

New York iliwahi kuwa na muda mrefu kuliko huu. Kwa mchujo wa urais wa Aprili 2016, aliyekwisha kujiandikisha alitakiwa awe amebadili chama tangu Oktoba 2015. Ivanka na Eric, watoto wa Donald Trump, walikuta muda umepita na hawakuweza kumpigia baba yao. Baadaye jimbo lilisogeza tarehe hiyo hadi Februari 14.

Sasa vuka mto Ohio. Kutoka Louisville unakwenda kwa miguu juu ya daraja la Big Four, unashukia Jeffersonville, na tayari uko Indiana, ambako fomu haina kisanduku cha chama kabisa. Siku ya mchujo karani anakuuliza tu unataka karatasi ya chama gani. Sheria yao inadai uwe ulikipigia chama hicho zaidi kwenye uchaguzi mkuu uliopita, au unakusudia kufanya hivyo ujao, na mtu anaweza kukupinga hapo kituoni. Kwa kuwa kura ni siri, nani atakuhakiki? Sheria kibogoyo.

Taabu huanza watu wanapohama. Aliyezoea Jeffersonville akipata nyumba Louisville hujiandikisha upya, anaruka kisanduku kwa mazoea, na anakuja kushtuka Mei.

Texas nako hakuna kuandikishwa kwa chama, lakini ukipiga kura mchujo wa chama kimoja Machi, huwezi kwenda kwenye marudio, yaani duru ya pili ya mchujo, ya chama kingine Mei. California huwaweka wagombea wote wa nafasi nyingi kwenye karatasi moja na wawili wa juu wanasonga mbele, ila urais bado unafuata vyama. Kisha kuna mtego: chama kinaitwa American Independent, kilichomsimamisha George Wallace, mtetezi wa ubaguzi wa rangi, mwaka 1968. Watu wengi waliotaka kuwa bila chama wamejikuta humo kwa sababu ya neno lile lile lililonikwaza mimi. Hao Kiingereza ni chao.

Jambo moja nje ya mchujo, na hapa sitanii: mwenye green card tu, yaani kibali cha ukaazi bila uraia, asijiandikishe, hata akisukumiwa fomu dirishani anapochukua leseni ya udereva. Fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kujiandikisha kupiga kura, na jibu la ndiyo linaweza kukuponza hadi kufukuzwa nchini.

Mzee nilimfuata nyumbani kwake Oktoba ile ile, nikiwa na simu yenye chaji na radhi ya kuomba. Tukafungua tovuti ya jimbo, nikamsomea majibu ya kisanduku moja baada ya jingine, safari hii bila kupamba. Alifikiri muda mrefu, mkewe akamnong'oneza kitu kwa Kibembe, wakacheka.

"Na Novemba sifungwi?"

"Hufungwi, mzee."

Akanyoosha kidole mwenyewe akabonyeza. Mei 2023, kwenye mchujo wa ugavana, hakunipigia simu.