Zanshin: moyo unaobaki baada ya pigo

Kata, ule mfululizo wa mbinu za karate unaofanywa bila mpinzani, imekwisha. Ngumi ya mwisho imetoka, kiai, ule ukelele wa pigo, imejaa ukumbini, na mwanafunzi tayari ameshusha mikono. Anavuta mkanda uliolegea huku akimtupia mwalimu jicho la mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mwalimu hazungumzii ngumi wala teke. Anatamka neno moja tu, "Zanshin", na mwanafunzi anarudi mwanzo, anaanza upya.

Mimi nilirudishwa mwanzo namna hiyo mara nyingi kabla sijaelewa nilichokuwa nakosea. Nilidhani neno hilo lina maana ya kuwa makini, basi nikakaza macho na kukunja uso. Nilichoelewa baadaye, nilikielewa kwa maumivu. Tulikuwa kwenye kumite, pambano la watu wawili, nikampata mwenzangu kifuani kwa ngumi ya mkono wa nyuma, safi kabisa, nami nikageuka kumtazama refa nione kama ameinua mkono. Refa hakuwa amesema "yame", yaani simama. Teke la mzunguko likanikuta sikioni nikiwa bado nimegeuza kichwa, na jioni nzima sikio lile lilivuma kama kuna mdudu ndani.

Neno lenyewe limeundwa kwa alama mbili za maandishi ya Kijapani. Zan ni kubaki, kusalia. Shin ni moyo, na hapa Kiswahili kinatufaa sana, kwa sababu moyo kwetu unabeba hisia, nia na fikra kwa pamoja, kama ilivyo kwao. Kwa hiyo zanshin ni moyo unaobaki. Umepiga, umerusha, umemaliza. Tendo limepita, lakini moyo wako haujaondoka pale. Fikiria chetezo kilichoondolewa chumbani huku harufu ya udi ikibaki kwenye nguo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaolifasiri neno hili kuwa "tahadhari" na kuishia hapo. Tahadhari huja kabla ya jambo. Zanshin huja baada yake, katika ile nafasi ndogo ambapo mtu hushusha pumzi na kujiambia kwamba yamekwisha.

Wapiga upinde wa Kijapani, kyudo, wanaionyesha vizuri kuliko wote. Kurusha mshale kwao kuna hatua nane, kuanzia kuweka miguu. Mshale hutoka katika hatua ya saba. Ya nane ni zanshin: mpiga upinde hubaki kama alivyo, mikono imefunguka pande zote mbili, macho kwenye shabaha, pumzi ikishuka taratibu, na hatua hiyo hufundishwa kwa uzito uleule wa zile saba. Katika iaido, sanaa ya kuchomoa upanga, upanga hurudishwa alani polepole huku macho yakiwa bado juu ya adui wa kufikirika aliyelala chini. Na katika kendo, pambano la panga za mianzi, jambo hili limeingia kwenye sheria. Ukimpiga mpinzani kichwani kwa ufundi kamili kisha ukarusha ngumi hewani kushangilia, waamuzi wanaweza kuifuta pointi, kwa kuwa pigo lisilo na zanshin halijakamilika. Karate ya mashindano nayo huitaja zanshin katika vigezo sita vya kupewa pointi. Nilipogeuka kumtazama refa siku ile, hata kama teke lisingenifikia, pointi yangu ingekuwa na walakini.

Lakini maelezo mazuri zaidi ya zanshin niliyowahi kusoma hayatoki kwa mpiganaji hata mmoja. Yanatoka kwa mkwezi wa miti.

Mtawa wa Kijapani aitwaye Yoshida Kenko aliandika, mnamo miaka ya 1330, kitabu cha tafakuri fupi fupi kiitwacho Tsurezuregusa. Katika mojawapo anasimulia habari za mtu mmoja aliyesifika kwa ukwezi, ambaye siku hiyo alikuwa akimwelekeza mwenzake apande mti mrefu kukata matawi. Yule wa juu alipokuwa kileleni, mahali ambapo kuteleza ni kifo, fundi alinyamaza kimya. Alipokuwa akishuka, amefika usawa wa paa la nyumba, ndipo fundi akamwita: angalia usikosee, shuka kwa uangalifu. Kenko akashangaa, akamuuliza kwa nini aseme sasa, wakati pale hata akiruka atafika salama. Fundi akamjibu kwamba hapo ndipo penyewe. Juu kabisa, kwenye matawi membamba na kizunguzungu, mtu anajiogopea mwenyewe, hahitaji kuambiwa. Makosa hutokea mahali palipokwisha kuwa rahisi. Kenko anasema mtu yule alikuwa wa hali ya chini, lakini maneno yake yalilingana na ya wahenga.

Sisi watu wa Pwani, tuliokua tukiwatazama wakwezi wa minazi, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mkwezi huyo ananigusa kwa sababu ametaja mahali hasa. Watu wengi husema "kuwa macho" kana kwamba umakini ni kitu cha kumwaga sawasawa kila saa, jambo ambalo hakuna binadamu anayeliweza. Yeye anaonyesha usawa wa paa. Kwenye kata, usawa wa paa ni mbinu ya mwisho. Kwenye kumite, ni nusu sekunde baada ya ngumi kufika. Kwenye mtihani wa mkanda, ni pale unapotembea kurudi mahali pako ukidhani hakuna anayekutazama.

Wagiriki wa kale nao wanalo fundisho hili, tena kwa uchungu zaidi. Katika Odisei ya Homer, Odysseus na wenzake wanafungiwa pangoni na Polyphemus, jitu lenye jicho moja linalokula watu. Odysseus analinywesha mvinyo, analidanganya kwamba jina lake ni Hakuna Mtu, kisha wanalitoboa jicho kwa gogo lililochongwa na kuchomwa moto. Jitu linapolia, majirani wanauliza nani anakuumiza, nalo linajibu Hakuna Mtu, nao wanaenda zao. Asubuhi wanatoroka wakiwa wamejificha chini ya matumbo ya kondoo. Huo ni ufundi wa vita usio na doa, kuanzia mwanzo hadi wanapofika merikebuni.

Halafu Odysseus anafungua mdomo. Merikebu imetoka kidogo tu anaanza kulipigia jitu kelele za kejeli, nalo linavurumisha kilele cha mlima baharini kwa kufuata sauti, mpaka wimbi linairudisha merikebu ufukweni. Wanasukuma tena, wanapiga makasia, wanafika mbali mara mbili ya pale. Mabaharia wanamsihi anyamaze. Hasikii. Anataja jina lake halisi, jina la baba yake na kisiwa chake, Ithaca. Sasa Polyphemus analo jina la kulipeleka mbele ya baba yake, Poseidon, mungu wa bahari, naye anaomba: mtu huyu asifike kwake, au kama ni lazima afike, basi achelewe, awapoteze wenzake wote, arudi kwa chombo cha wageni na akute balaa nyumbani. Yote yakatimia. Wazee wetu walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Kinachoniuma katika kisa hiki ni kwamba Odysseus hakukosa akili wala ujasiri. Alikosa kukaa kimya kwa muda kidogo tu baada ya kushinda. Alitaka ijulikane ni yeye aliyefanya. Hamu hiyohiyo ndiyo iliyonigeuza shingo kumtazama refa.

Waislamu watakumbuka pia vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Wapiga mishale 50 waliwekwa kilimani na kuamriwa wasiondoke mpaka waitwe. Walipoona adui anakimbia na ngawira imetapakaa chini, wengi wao wakashuka. Khalid bin Walid, ambaye wakati huo alikuwa upande wa Maquraishi, akazunguka na wapanda farasi wake kupitia mahali palepale palipoachwa wazi.

Zanshin haina maana ya kukakamaa. Wanaoanza hukunja ngumi mpaka vifundo vinakuwa vyeupe, wanatumbua macho, wanazuia pumzi. Mtu wa namna hiyo amejifunga mwenyewe. Mtazame mpiga upinde katika hatua ya nane: mabega yamelegea, anapumua, uso umetulia. Yupo tu, mzima. Mfalme wa Roma Marcus Aurelius aliandika katika daftari lake kwamba sanaa ya kuishi inafanana na mieleka kuliko ngoma, kwa kuwa inakutaka usimame imara ukiwa tayari kwa lisilotarajiwa. Ngoma ina wimbo unaokwambia umekwisha, mieleka haina. Naye Epictetus, aliyezaliwa mtumwa akaja kuwa mwalimu wa falsafa, alikuwa akiwaonya wanafunzi wake kwamba wakiuachia umakini kidogo wasidhani wataurudisha wakati wowote wanaopenda. Ukishazoea kuuachia, unajifunza kuachia. Mwanafunzi anayeshusha mikono mwisho wa kila kata amefanya mazoezi mara elfu ya kushusha mikono.

Hapo namkumbuka Fumo Liyongo. Katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu wa mwaka 1913, shujaa huyo haingiliwi na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikipigwa kitovuni. Mwanawe wa kumzaa ananunuliwa na mfalme wa Pate kwa ahadi za cheo na ndoa, naye anamchoma baba akiwa usingizini. Liyongo anazinduka, anatwaa upinde na mishale, anatoka hadi karibu na kisima cha mji, anapiga goti, anapachika mshale, analenga. Anafia palepale, katika mkao uleule. Watu wanamwona, hawathubutu kusogea. Maji yanakuwa shida mjini, siku zinapita, mpaka mama yake anaombwa aende kumbembeleza kwa mashairi. Hajibu, hageuki. Mwishowe mwili unaanguka, ndipo wanajua walikuwa wakimwogopa maiti.

Sisemi kwamba Liyongo au Kijumwa alilijua neno la Kijapani. Ila katika kyudo zanshin huandikwa pia kwa alama nyingine, shin yenye maana ya mwili: mwili unaobaki. Nikisoma habari za kile kisima, naona mtu aliyepiga goti na kulenga mara nyingi mno maishani hata mwili wake ukaujua mkao huo peke yake. Hakuuvaa siku ya mwisho tu.

Basi hufunzwaje? Kwa mambo madogo. Kwenye kikundi chetu, mwisho wa kata tunabaki pumzi tatu kabla ya kurudisha mguu, na wakati mwingine mtu humrushia glavu yule aliyemaliza. Wiki za kwanza glavu humgonga usoni. Baadaye mkono unainuka wenyewe, bila papara.

Nimekuja kuliona jambo jingine katika kuangushana, nalo nalipenda kuliko yote. Judoka, yaani mcheza judo, aliyefunzwa vizuri, akimwangusha mwenzake, hauachii mkono wa koti. Anaushika na kuuvuta juu kidogo, macho yakiwa kwa aliyelala. Mkono huohuo unaomzuia mwenzake asigeuke na kushambulia ndio unaomsaidia asigonge kisogo. Tulikuwa na kijana mwenye nguvu aliyekuwa akirusha na kuachia, kisha anageuka kututazama. Siku moja binti aliyekuwa akifanya naye mazoezi alitua vibaya, akakaa kitako kwenye tatami, mkeka wa mazoezi, ameshika kichwa, machozi yakimtoka. Kijana akapiga magoti kando yake, hakusema kitu. Tangu siku ile akimrusha mtu anaushika mkono wa koti, anabaki ameinama juu yake, haachii mpaka mwenzake asimame.