Waimbaji wa roki na "laana" ya miaka 27

Kila mwimbaji wa roki anapokumbukwa, magrupu yetu hapa Kampala hurudiwa na ujumbe uleule: eti nyota wa roki hufa wakiwa na miaka 27, ni laana. Si kweli. Utafiti uliochapishwa 2011 uliwafuatilia wanamuziki 1,046 waliofikisha albamu namba moja Uingereza kati ya 1956 na 2007. Vifo havikupanda kwenye 27. Hatari ilikuwa kubwa miaka yao yote ya ishirini na thelathini, na hilo linasikitisha kuliko laana.

Mkanganyiko ulianza 1969 hadi 1971, mastaa wanne walipofariki na umri huo. Picha zao hubandikwa pamoja. Aliyekufa na 26 au 41 habandikwi. Chukua waimbaji unaowajua, linganisha tarehe za kuzaliwa na kufa. Ukiletewa ujumbe huo, usiusambaze.