Zile seli za Kapenguria si mahakama

Jana tena. Mwalimu kasimama mbele ya seli za makumbusho ya Kapenguria, wanafunzi wamemzunguka, anawaambia: "Hapa ndipo Mzee Kenyatta na wenzake walipohukumiwa." Hapana, mwalimu. Hapa ndipo walipofungiwa. Hebu kitazame chumba chenyewe: hakimu utamweka wapi mle, na washtakiwa sita, mawakili, mkalimani, askari na waandishi wa habari?

Kesi ilisikilizwa darasani. Kapenguria ya 1952 haikuwa na jengo la mahakama, kwa hiyo likatumika darasa la shule. Enzi hizo, katika wilaya za mbali kama Pokot Magharibi, mahakama ilikuwa DC (mkuu wa wilaya) mwenyewe: mkono huu kodi, mkono huu hukumu, yote palepale bomani.

Mashtaka ya kuongoza Mau Mau na kifungo cha miaka saba mnayajua, nayaruka. Kinachonikera ni kwamba tunagombania kuta na kusahau mamlaka. Hakimu huenda na mahakama yake. Akikaa chini ya mti katika eneo alilopewa, pale ni mahakamani. Akivuka mpaka wake, hata mkimjengea jumba la marumaru, yeye ni mzee aliyekaa kitini.

Serikali ya kikoloni ililijua hilo vizuri sana. Washtakiwa walipelekwa Kapenguria, wakaachiliwa, na papo hapo wakakamatwa upya, ili ihesabike kuwa wamekamatwa ndani ya eneo la mahakama hiyo. Mahali penyewe pia palichaguliwa: eneo lililofungwa, huingii bila kibali, hakuna hoteli. D.N. Pritt na mawakili wenzake wa utetezi walilala Kitale, kilomita kama 40, wakasafiri kwenda na kurudi.

Na baada ya hila zote hizo, hati ya uteuzi ya hakimu Ransley Thacker ilimpa Mkoa wa Kaskazini. Kapenguria ilikuwa Mkoa wa Bonde la Ufa! Thacker alishatoa hukumu tarehe 8 Aprili 1953. Julai mwaka huohuo Mahakama Kuu ya wakati huo ikasema kesi nzima ni batili. Furaha haikudumu, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikautengua uamuzi huo.

Nimeifundisha rufaa hiyo miaka mingi na bado inanisumbua. Kuna siku najiambia kosa la hati lisiangushe kesi ya miezi mitano. Siku nyingine nausoma tena uamuzi uleule, naona mpaka wa mkoa ama upo ama haupo, na watu walifungwa na mtu asiye na mamlaka juu yao. Sijatulia upande wowote.

Mwalimu, mwakani ukiwaleta watoto, waonyeshe seli na uwaambie wazee walilala humu. Halafu waulize hakimu alipewa mkoa gani.