Slaidi inayomjibu mwanafunzi

Masomo mengi ya kompyuta yanayozunguka kwa flashi katika skuli zetu ni kurasa za kitabu zilizopigwa picha. Mwanafunzi anapitisha mpaka mwisho, ananyoosha mkono: "Mwalimu, nishamaliza." Kamaliza nini? Hakuulizwa kitu.

Somo la kujisomea anza kulijenga kwenye majibu ya makosa. Chukua kujaa na kupwa kwa maji, kitu ambacho watoto wa pwani, wa Nungwi huko Unguja au Wesha huko Pemba, wanakiona kila siku. Swali: leo maji yamejaa saa 10:00 alasiri, kesho alasiri yatajaa takriban saa ngapi? Weka vitufe vitatu: 9:10, 10:00 na 10:50.

Anayebonyeza 10:00 anadhani bahari inafuata jua. Mpeleke kwenye slaidi inayoonyesha kwamba dunia ikimaliza kujizungusha, mwezi nao umeshasogea mbele, kwa hiyo pwani yetu inahitaji kama dakika 50 zaidi kuufikia. Anayebonyeza 9:10 dakika 50 anazijua, ila kazipeleka nyuma. Huyo usimsomeshe mwezi upya. Mchoro mmoja wa uelekeo unamtosha. Kisha wote wawili wape swali jipya. Ukiwarudisha kwenye lile lile, watabonyeza kitufe kilichobaki na hutojua kama wameelewa.

Neno "takriban" usilisahau. Dakika 50 ni wastani: siku za bamvu (maji makubwa) hupungua, siku za maji mafu (maji madogo) huzidi, na mtoto wa mvuvi atakubishia, tena kwa haki.

Kwenye PowerPoint, kila kitufe kipe kiungo cha slaidi yake, halafu katika mipangilio ya onyesho chagua hali ya kioski ("Browsed at a kiosk"), ambapo slaidi husonga kwa vitufe vyako tu. Bila hiyo, mtoto akigusa popote slaidi inasonga, na anajikuta anasahihishwa kosa ambalo hakulifanya. Kioski nacho kina adhabu yake: slaidi moja ikikosa kitufe cha kutokea, mwanafunzi amenasa. Ipitie kila njia mwenyewe, hasa zile za makosa.

Sauti irekodi kwa mono (mkondo mmoja, si stereo), kilobiti 64 kwa sekunde. Dakika moja haifiki nusu megabaiti. Video iingize ndani ya faili, usiiunganishe kwa kiungo tu, maana faili likinakiliwa peke yake video inabaki kwenye kompyuta yako. Viungo vya intaneti viweke mwisho kabisa, kwa ziada. Wenye mtandao wa uhakika wanaotumia Google Docs, badilisheni neno "edit" mwishoni mwa kiungo liwe "copy", kila mtoto apate nakala yake. Vyenginevyo darasa zima linafutiana kazi.

Kompyuta 10 kwa wanafunzi 40? Vipindi viwili vya dakika 40 vinatoa zamu nne za dakika 20. Somo liwe la dakika 15, maana tano zinaliwa na kupishana. Mimi huona bora mmoja mmoja kuliko wawili wawili, kwani mmoja hushika mausi na mwenzake hutazama tu.

Slaidi haziweki kumbukumbu ya majibu. Mpe kila mmoja kikaratasi aandike jibu lake la kwanza kabla ya kubonyeza. Ukivikusanya na kukuta 10:00 zimejaa, kesho chora mwezi ubaoni.