Klabu ya Kifaransa si ya wanaokijua tayari

Wanafunzi wengi wa sekondari huikwepa klabu ya Kifaransa wakidhani ni ya wale wanaokizungumza vizuri, au ni tuisheni ya sarufi. Sivyo. Darasa la wanafunzi 40 lenye kipindi cha dakika 40 humpa kila mmoja dakika moja tu ya kuzungumza, tena mwalimu akinyamaza kabisa. Klabu ipo kuongeza dakika hizo, na anayeanza ndiye anayezihitaji zaidi.

Chukua dessus (juu yake) na dessous (chini yake). Kiswahili hakina ile sauti ya u ya dessus, kwa hiyo mwanafunzi hutamka yote mawili "desu", na kitabu cha mezani kinahamia sakafuni. Dawa yake: tamka "i", ulimi ubaki palepale, kisha viringa midomo kama unayepiga mluzi. Fanyeni wawili wawili: mmoja atamke, mwenzake aonyeshe kwa kidole juu au chini. Dakika 5 zinatosha.

Kisha igizo fupi la sokoni, bila karatasi mkononi, maana anayesoma hutamka hata herufi za mwisho zilizo bubu. Mwalimu asimkatize kwa kila kosa. Ayaandike, ayasahihishe igizo likiisha.