Je, wajua kwa nini kipande chepesi cha povu kiliweza kutoboa bawa la chombo cha anga cha Columbia?

Tarehe 16 Januari 2003, sekunde 82 hivi baada ya chombo cha Marekani, Columbia, kuruka kutoka Florida, kipande cha povu gumu chenye uzito wa takriban robo tatu ya kilo kilibanduka kwenye tangi la nje la mafuta na kugonga ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Povu hilo lilifunika tangi kwa sababu ndani yake mlikuwa na oksijeni na haidrojeni za kimiminika, hii ya pili ikiwa na baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Bila kihami hicho, yaani povu la kuzuia joto kupita, unyevu wa hewa ungeganda na kuwa barafu.

Lakini povu na bawa vilikuwa vikienda kwa kasi ile ile, sasa nguvu ya kutoboa ilitoka wapi? Ilitokana na wepesi wenyewe. Ukitupa karatasi nje ya dirisha la basi liendalo kasi, huachwa nyuma papo hapo, ilhali jiwe huendelea kwenda na basi kwa muda. Hewa, ingawa ni haba kwenye kimo cha kilomita 20, ilikipunguza mwendo kipande hicho kwa ghafla hivi kwamba, kabla hata ya sekunde moja kwisha, bawa lilikivamia kwa tofauti ya kasi ya takriban kilomita 800 kwa saa. Na kasi ikiongezeka maradufu, nishati ya mgongano huongezeka mara nne.

Ukingo wa bawa ulitengenezwa kwa kaboni iliyoimarishwa, inayostahimili joto kali mno lakini si mapigo. Wengi hawakuamini kwamba povu lingeweza kuudhuru, hadi Julai 2003, wahandisi huko San Antonio, Texas, walipolifyatua povu kwa mzinga wa gesi na kutoboa tundu la upana wa sentimita 40 hivi katika ukingo halisi.

Tundu la namna hiyo ndilo lililopitisha hewa yenye joto kali Columbia ilipokuwa ikirejea tarehe 1 Februari. Fremu ya alumini ndani ya bawa iliyeyuka, chombo kikasambaratika juu ya Texas, na wanaanga wote 7 wakafariki.

Baadaye povu la mahali lilipobanduka liliondolewa, na vipasha joto vya umeme vikawekwa kuzuia barafu. Hata hivyo, Julai 2005, Discovery, chombo kingine cha aina ya Columbia, ilipopaa, kipande kingine kikubwa kilibanduka kwenye sehemu tofauti ya tangi, ila hakikugonga chombo.